Tela la semi likishapinduka: kulitengeneza, kuliuza lilivyo au kulichinja

Simu ya ajali ya lori humfikia mwenye mali usiku zaidi kuliko mchana, na baada ya habari za dereva na utingo wake, sentensi inayofuata huwa karibu ileile: "Bosi, kichwa kimenusurika, ila tela limelala." Kichwa ni gari la mbele linalovuta tela. Ukiuliza tela limeumia kiasi gani utaambiwa kwamba ni bodi tu, au utaambiwa kwamba limekwisha kabisa, na majibu yote mawili hutolewa na mtu aliyesimama gizani na tochi ya simu, mwenye hofu na uchovu. Uamuzi wa maana hauwezi kujengwa juu ya majibu hayo, wala juu ya picha zinazofuata asubuhi, kwa sababu picha huonyesha kile kilichopinda kwa nje, ilhali thamani ya tela imo katika mihimili miwili ya chini ambayo hakuna anayeipiga picha.

Mwongozo huu unamhusu mwenye tela la fleti, yaani la sakafu bapa, la skeletoni, yaani la mihimili mitupu ya kubebea kontena, au la tangi linalofanya kazi katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, ingawa sehemu kubwa yake inafaa pia kwa njia ya Dodoma, Singida na Rusumo. Njia zilizo mbele yake ni nne: kulitengeneza, kuliuza lilivyo pale lilipo, kulichinja, yaani kulifungua na kuuza vipuri kimoja kimoja, au kuiachia kampuni ya bima ilichukue baada ya kulipa. Kuchagua kati ya hizo ni kazi ya futi na kamba kwanza, kisha ya kalamu na karatasi. Hata hivyo kuna mambo yanayotangulia vyote hivyo, na ukiyakosea, tela lililokuwa linatengenezeka litageuka chuma chakavu kabla halijafika yadi.

Pale lilipolala

Hatua ya kwanza ni polisi wa usalama barabarani, na wala si winchi. Tela lisisogezwe kabla askari hajapima na kuchora eneo la tukio, isipokuwa yeye mwenyewe akiamuru lisogezwe ili njia ifunguke, kwa kuwa mchoro huo, taarifa ya awali katika fomu PF 115, ripoti ya ukaguzi wa gari katika fomu PF 93, na baadaye fomu PF 90 inayofunga upelelezi, ndizo karatasi ambazo kampuni ya bima itazidai kabla ya kujibu lolote. Hakikisha kwamba fomu ya ukaguzi inataja namba ya usajili ya tela peke yake. Tela lina kadi yake na namba yake, tofauti na kichwa, na dai ambalo karatasi zake zinataja kichwa tu hurudishwa mezani mara tatu kabla ya kusonga mbele.

Piga picha zako mwenyewe pia, na zisiwe za kuwatumia jamaa. Piga kibati cha namba ya chasisi, ekseli zote kutoka pande mbili, kila tairi pamoja na namba zake, kingpini, yaani pini inayoliunganisha tela na kichwa, miguu ya tela, na sehemu ya barabara iliyoharibika. Picha za tairi zina kazi maalumu, kwa sababu tairi ndizo zinazopotea usiku wa kwanza. Tela la ekseli tatu zenye tairi pacha hubeba tairi 12, na nimeona tela likiachwa na walinzi wawili jioni na kukutwa asubuhi likiwa limesimama juu ya mawe. Kama huwezi kuweka mlinzi unayemwamini, fungua tairi nzima na kuzipakia kwenye gari jingine siku hiyohiyo.

Mzigo uhamishwe kabla ya tela kuinuliwa. Watu wengi hukimbilia kuliinua pamoja na mzigo ili kuokoa siku moja, na matokeo yake ni kwamba chasisi iliyostahimili kupinduka hupindishwa na mnyororo wa kreni. Kama mzigo ni wa kwenda Zambia, Kongo au Malawi, huo ni mzigo wa transiti ulio chini ya forodha, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 hairuhusu kuuhamishia kwenye gari jingine bila kibali cha forodha na usimamizi wa ofisa wake. Mpigie wakala wako wa forodha usiku huohuo, kwa kuwa lakiri, yaani kifungo cha forodha, iliyokatwa bila ofisa kuwapo inaweza kukuletea deni la ushuru linalozidi bei ya tela lenyewe.

Kwa tela la tangi la mafuta, maelezo ni mafupi na hayana hiari: ondoa watu, zima injini na moto wote ulio karibu, ita Zimamoto, na usiruhusu mtu yeyote kukinga mafuta kwa ndoo. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, tangi lililopinduka lililipuka wakati watu wakichota mafuta, na waliofariki walizidi 100. Tangi tupu nalo lina mvuke unaolipuka, kwa hiyo hakuna kukata wala kuchomelea hadi liwe limeoshwa na kutolewa gesi na watu wenye vifaa vya kupima.

Sasa kuliinua. Kubaliana bei na mwenye kreni au bredauni kabla mnyororo haujafungwa, na iandikwe: kuinua ni kiasi gani, kuburuta hadi pembeni ni kiasi gani, kusafirisha ni kiasi gani kwa kilomita, na nani analipia saa za kusubiri. Mwenye kreni anayekuambia "tutaelewana tu, mzee" ataelewana na wewe wakati tela likiwa tayari limening'inia. Msimamie pia namna ya kufunga. Mkanda mpana wa kuinulia upitishwe penye viunganishi vya mihimili na ekseli, na si katikati ya muhimili mtupu; na kama ni mnyororo, uwekewe kipande cha ubao au tairi chakavu ili usiume ukingo wa chuma. Kuburuta tela kwa ubavu juu ya lami ni njia ya haraka ya kufungua barabara, lakini hung'oa chemba za breki na kuinamisha ekseli ambazo ajali ilizisaza. Ikiwa askari anasisitiza njia ifunguke mara moja, mtii, kisha andika katika kumbukumbu zako kilichoharibika wakati wa kuburuta, kwa sababu mthamini wa bima atauliza.

Usisahau deni la barabara. Kingo za chuma zilizong'olewa, nguzo za alama na lami iliyoungua hutathminiwa na wakala wa barabara, TANROADS, na kudaiwa kwa mwenye gari. Bima ya madhara kwa watu wengine ndiyo inayopaswa kuligharimia, hivyo iarifu kampuni yako kuhusu deni hilo pamoja na dai la tela.

Tela hili ni la nani

Swali hili linaonekana la kitoto mpaka pale unapokuta kwamba kadi ina majina mawili. Tela lililonunuliwa kwa mkopo husajiliwa kwa jina la mnunuzi pamoja na benki, na kadi hukaa benki. Kwa hiyo huna mamlaka ya kuliuza wala kulichinja bila barua ya benki, na fedha za bima zitaanza kulipa deni kabla hazijakufikia. Andikia benki katika siku chache za mwanzo. Benki inayopata habari kutoka kwa dalali wako huwa ngumu zaidi kuliko benki iliyoarifiwa na wewe.

Tela lenye namba za nchi nyingine lina kizuizi chake. Mwenye tela wa Lubumbashi au Ndola ambaye mali yake imelala kwenye mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, anaweza kudhani kwamba njia rahisi ni kumuuzia mtu wa Ilula au Iringa, lakini tela hilo liliingia nchini kwa muda bila kulipiwa ushuru, na kuliuza, hata kwa vipande, kunahitaji idhini ya forodha na malipo ya kodi inayostahili. Mnunuzi anayesema kwamba hayo si lazima anakuachia wewe hatari yote.

Kuhusu bima, tazama kwanza kama tela limekatiwa bima yake. Wapo wenye malori wanaoikatia bima kubwa kichwa na kuliachia tela bima ndogo, ile ya madhara kwa watu wengine tu, na hao hawana cha kudai kwa ajili ya chuma kilichopinda. Kama bima kubwa ipo, tazama kiasi kilichokatiwa. Tela la thamani ya shilingi milioni 50 lililokatiwa bima kwa milioni 30 limekatiwa asilimia 60 tu, na pale mkataba unapokuwa na kifungu cha wastani, yaani cha kulipa kwa uwiano huohuo, hasara ya milioni 20 italipwa milioni 12, kisha kukatwa kile kiasi ambacho mwenye tela hujibebea katika kila dai. Usianze matengenezo kabla mthamini hajaliona tela kwa macho yake, hata kama fundi yuko tayari na wewe una fedha mkononi.

Mthamini akisema kwamba hasara ni kamili, utapewa njia mbili: kampuni ilipe na kulichukua tela, au ilipe pungufu na wewe ubaki na mabaki. Hapa ndipo watu hupoteza fedha kimyakimya. Kampuni ikikadiria mabaki kuwa milioni 12 na kuzikata kwenye malipo yako, maana yake wewe ndiye umeyanunua kwa bei hiyo. Kabla hujakubali, tafuta ofa za maandishi kutoka kwa wanunuzi wawili au watatu wa matela mabovu. Kama hakuna anayezidi milioni 9, wasilisha ofa hizo na uiombe kampuni ishushe makadirio au iyachukue mabaki yenyewe. Ukishindwa kuelewana nayo, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya namna hiyo bila kukupeleka mahakamani.

Kupima mifupa

Tela likishasimama kwenye yadi iliyo sawa, bila mzigo na likiwa limeegemea miguu yake, toa nusu siku ya kulipima. Vifaa vinavyohitajika ni futi ndefu ya chuma, kamba nyembamba isiyonyumbuka, mpira wa maji kama ule wa mafundi ujenzi, vipande viwili vya mbao vilivyo sawa, brashi ya waya, mafuta ya taa na chaki. Kaliper ikipatikana itasaidia kwenye kingpini.

Anza na mihimili miwili mirefu. Weka kipande kimoja cha ubao mbele na kingine nyuma kwenye ubavu wa muhimili, vuta kamba juu yake hadi ikaze, kisha pima nafasi kati ya kamba na chuma kila baada ya mita moja. Namba zinapaswa kulingana na unene wa ubao mahali pote. Penye nafasi kubwa au ndogo, muhimili umepinda kwa upande. Fanya hivyo pande zote mbili na uandike. Kupinda kwa juu na chini kunahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu fleti nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kiinuko kidogo katikati ili mzigo uzilaze sawa, na fundi asiyelijua hilo anaweza "kunyoosha" kile ambacho hakikupinda. Njia salama ni kulinganisha muhimili wa kulia na wa kushoto: vikifanana katika kila mita, kiinuko ni cha kiwandani, na vikitofautiana, mmoja wao umeumia.

Kujikunja, yaani pale nyuma ya tela inapokuwa imezungushwa tofauti na mbele, ndiko kunakotokea zaidi tela linapolala ubavu, nako hakuonekani kwa macho. Hapo ndipo mpira wa maji unapofanya kazi: shika ncha moja kwenye muhimili wa kulia na nyingine kwenye wa kushoto, kwanza mbele penye kingpini, halafu katikati, halafu nyuma. Tofauti ya usawa inapaswa kuwa ileile katika sehemu zote tatu, hata kama yadi yenyewe imeinama kidogo. Ikiwa mbele kulia kumepanda sentimita 1 na nyuma kulia kumeshuka sentimita 3, tela limejikunja sentimita 4, na hilo ni jambo la kulijadili na fundi wa chasisi mwenye jeki kubwa za haidroliki, na wala si na fundi wa kona mwenye tochi ya gesi.

Nenda kwenye shingo. Shingo ni pale muhimili unapopungua kimo ili tela lipite juu ya sahani ya kuunganishia iliyo mgongoni mwa kichwa, na ndipo nguvu nyingi hukusanyika. Safisha kona zake kwa brashi ya waya, paka mafuta ya taa, subiri dakika 15, futa hadi chuma kikauke, kisha paka chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka taratibu na kuchora mstari mweusi mwembamba juu ya chaki. Nilimwona fundi mmoja mzee wa Makambako akifanya hivyo kwenye tela ambalo sote tulikuwa tumelipitisha. Tulikaa tukizungumza habari nyingine, na tulipogeuka kulikuwa na mstari wa urefu wa kidole gumba kwenye kona ya shingo, chini ya rangi iliyoonekana nzima. Rudia kazi hiyo penye mabano ya springi, penye miguu ya tela na kila mahali palipowahi kuchomelewa zamani.

Kingpini hupimwa kwa kaliper. Ile ya inchi 2 huwa na kipenyo cha milimita 50.8 ikiwa mpya, na ikishuka chini ya 49 haina haki ya kubeba mzigo. Katika ajali, hata hivyo, linalosumbua zaidi ni bamba lililoishikilia: likiwa limebonyea au kuinama, kingpini yenyewe itakuwa imeinama, nayo haipigwi nyundo ili inyooke. Hubadilishwa pamoja na bamba lake.

Mwisho pima ekseli. Kutoka katikati ya kingpini, vuta futi hadi ncha ya kulia ya ekseli ya kwanza, kisha hadi ncha ya kushoto, na upate namba mbili zinazopaswa kulingana kwa tofauti isiyozidi milimita chache. Halafu pima kutoka ekseli ya kwanza hadi ya pili na ya tatu, kulia na kushoto. Najua gharama ya kuiruka hatua hii. Tela langu la kwanza kupinduka lilitengenezwa kwenye gereji iliyolipaka rangi nzuri na kunikabidhi bila kipimo chochote. Baada ya miezi miwili tairi za upande mmoja zilikuwa zimelika ukingo hadi waya, na dereva aliyekuwa nyuma yake barabarani aliniambia kwamba tela linatembea kama kaa. Tulipovuta futi, ekseli ya kwanza ilikuwa nyuma milimita 18 upande wa kushoto. Kurekebisha kulichukua siku moja. Tairi sita zilikuwa zimekwishaliwa.

Baada ya kupima, unaweza kuliweka tela katika kundi lake. Bodi, sakafu, mbavu za pembeni, taa, mabomba ya upepo, chemba za breki na vifungio vya kontena ni madhara yanayotisha kwa macho lakini ni ya kununua na kufunga. Ekseli iliyoinama ni ya kubadilisha. Muhimili mmoja uliopinda kwa upande kidogo, bila ufa, unanyosheka. Mihimili miwili iliyojikunja pamoja na ufa kwenye shingo ni hali ambayo mimi nisingeweka fedha zangu, hata fundi aape kwa jina la nani, na tela lililoungua moto mkubwa karibu na chasisi naliweka katika kundi hilohilo, kwa sababu joto huondoa ugumu wa chuma na hakuna rangi inayourudisha.

Kalamu na karatasi

Chukulia mfano huu, ambao namba zake nimezibuni ili hesabu ionekane. Tela kabla ya ajali lingeuzika milioni 50. Likitengenezwa vizuri litauzika milioni 42, kwa kuwa habari ya kupinduka huenea na mnunuzi huona alama za kuchomelea. Kulivuta kutoka Kitonga hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, ni milioni 6. Matengenezo ni milioni 14, na unaongeza asilimia 20 ya mambo yatakayoonekana baada ya kufungua, yaani milioni 2.8. Safari mbili zilizopotea wakati wa kusubiri zingeleta faida ya milioni 5. Jumla ni milioni 27.8, na ukiitoa kwenye 42 unabaki na milioni 14.2. Hiyo ndiyo thamani halisi ya njia ya kutengeneza.

Kuliuza pale lilipo kunaleta milioni 9 leo, bila kuvuta. Kulichinja kunaleta ekseli tatu za milioni 2.5 kila moja, tairi nane nzima kwa milioni 2.4, miguu na vipuri vidogo milioni 1.5, na chuma kilichobaki milioni 2.7, jumla milioni 14.1, ukitoa milioni 3 za kulivuta hadi mji wa karibu na milioni 1 ya mafundi, unabaki na milioni 10.1. Kwa namba hizo, tengeneza. Lakini vipimo vikionyesha kwamba shingo inahitaji kujengwa upya na matengenezo yakapanda hadi milioni 20, gharama zote zinafika milioni 35, na kilichobaki ni milioni 7, ambazo ni chini ya njia zote mbili nyingine. Kipimo kimoja cha shingo kimegeuza uamuzi, na ndiyo maana futi hutangulia kalamu.

Kuna namba mbili ambazo watu huzikosea. Ya kwanza ni ya kuvuta: si lazima tela lirudi Dar es Salaam. Iringa, Makambako na Mbeya zina mafundi wa matela, na milioni unazookoa kwenye kuvuta zinaweza kulipia chuma bora. Ya pili ni ya kazi iliyopotea. Kama kichwa ni kizima na unaweza kukodi tela jingine, hasara yako ni kodi ya tela tu, na wala si faida yote ya safari. Hapo muda wa kusubiri fundi mzuri au bei nzuri unakuwa nafuu, na huna sababu ya kuuza kwa haraka.

Ukiamua kutengeneza

Mkataba na gereji utaje vipimo, na usiishie kwenye maneno "kunyoosha chasisi". Andika kwamba malipo ya mwisho yatatoka baada ya kamba, mpira wa maji na futi kurudiwa mbele yako. Mihimili ya matela mengi ni ya chuma chenye nguvu kubwa, kwa hiyo inyooshwe kwa jeki ikiwa baridi, na kama moto hauepukiki, uwe mdogo na wa fundi anayejua kiwango chake. Ufa usifunikwe: uchimbwe hadi mwisho wake, ujazwe, usawazishwe, ndipo kiraka kiwekwe. Kiraka kikatwe ncha za mshazari, kwa kuwa kiraka chenye ncha zilizosimama wima huzaa ufa mpya palepale kinapoishia. Usiruhusu mshono wa kuchomelea ukatize upana wa bapa la chini la muhimili, ambalo ndilo linalovutwa zaidi mzigo unapokaa. Fimbo za kuchomelea ziwe za aina ya 7018 na ziwe zimekaushwa. Nyaya za ABS, ule mfumo wa umeme wa breki, zichomolewe kabla ya mashine kuwashwa.

Tela la tangi baada ya matengenezo ya tangi lenyewe lipimwe upya ujazo wake na Wakala wa Vipimo, kwa kuwa bonyeo dogo hubadilisha lita na cheti cha zamani hakina maana tena. Na kwa tela lolote, mhoji fundi anayetaka kuongeza mabamba mengi ya kuimarisha: uzito wote wa gari na mzigo katika Afrika Mashariki una kikomo cha tani 56, na kila kilo ya chuma inayoongezwa chini ni kilo ya mzigo unayoipoteza kwenye mizani ya barabarani ya Vigwaza, mkoani Pwani.

Safari ya kwanza iwe ya mzigo mwepesi na njia fupi. Baada ya kilomita 100 dereva asimame, aguse kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa mgongo wa mkono na kukaza tena nati za magurudumu na za U-bolti zinazofunga springi na ekseli. Baada ya wiki mbili rudia chaki kwenye shingo.

Ukiamua kuliachia

Kuuza lilivyo kunataka mkataba unaosema wazi kwamba ni tela lililopata ajali, linauzwa katika hali lilivyo, pamoja na tarehe, namba ya chasisi na namba ya usajili. Kamilisha uhamisho wa umiliki katika mamlaka ya mapato, TRA, kabla ya kukabidhi kadi. Mnunuzi anayetaka kadi na kibati cha chasisi tu, na ambaye hana haja kubwa ya kuliona tela lenyewe, anatafuta utambulisho wa kulivisha tela la wizi, na siku litakapokamatwa jina litakalosomwa ni lako.

Ukilichinja, uza ekseli kwanza, zikiwa na habu na breki zake, kwa sababu hizo ndizo zenye wateja wa haraka, hasa zile za kampuni ya BPW. Tairi zifuate, kisha miguu, springi, chemba na matangi ya upepo. Mihimili iliyobaki ikatwe vipande kabla ya kuuzwa kwa kilo, na mnunuzi wa chuma chakavu akuonyeshe kibali chake cha mamlaka ya mazingira. Simama mwenyewe kwenye mizani, maana tela tupu lenye uzito wa tani 6 hadi 8 hupungua ajabu linapopimwa bila mwenyewe kuwapo. Kipande chenye namba ya chasisi usikiuze na mengine. Kikate, kiweke pamoja na vibao vya namba na kadi, uvipeleke TRA unapoomba usajili ufutwe, na uijulishe LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwamba leseni ya tela hilo haitatumika tena. Nakala ya barua ya kufuta usajili ihifadhi katika jalada moja na fomu za polisi.